Umbali Ndio Adui: Hotuba kwa Wanaoanza Somo la Uhamaji wa Maada

Haya ni maneno niliyowaambia wanafunzi wa uhandisi wa kemikali siku ya kwanza ya somo la uhamaji wa maada, yaani jinsi vitu vinavyohama kutoka mahali hadi mahali. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu wanafunzi, walimu wenzangu, na wageni wetu mliotenga muda kuja kutusikiliza, nawasalimu nyote.

Mmeona kwamba kabla sijasema lolote, mwenzetu amefungua kichupa cha manukato pale mlangoni. Waliokaa karibu naye wameinua mikono mara moja. Waliokaa nyuma kabisa, mita kama 10 kutoka mlangoni, wameinua mikono baada ya muda usiofika dakika mbili. Nikauliza: ni nini kilichowaletea harufu? Mkajibu kwa sauti moja: mtawanyiko! Wengine mkasema difyusheni, na ni kitu kile kile: molekuli kuenea zenyewe bila kubebwa na mkondo.

Hapana, ndugu zangu. Si mtawanyiko.

Tupige hesabu pamoja. Tunapotaka kukadiria muda ambao kitu huchukua kusafiri kwa mtawanyiko, tunachukua umbali, tunauzidisha kwa wenyewe, kisha tunagawanya kwa namba inayoitwa kipimo cha mtawanyiko. Kwa molekuli za manukato ndani ya hewa, namba hiyo haizidi sana mita za mraba 0.00001 kwa sekunde. Mita 10 mara mita 10 ni 100. Gawanya. Unapata sekunde milioni 10. Hizo ni siku ngapi? Ni zaidi ya siku 110! Kama tungeitegemea kazi ya mtawanyiko peke yake, waliokaa nyuma wangengoja zaidi ya miezi mitatu.

Basi nani aliyeibeba harufu? Ni mkondo wa hewa. Ni miili yenu yenye joto inayoinua hewa juu, ni mlango uliofunguliwa, ni mtu aliyepita na kuacha upepo nyuma yake. Huo tunauita myuko. Mtawanyiko ulifanya kazi mahali pawili tu. Ulizitoa molekuli kwenye uso wa manukato na kuziingiza hewani, kisha mwishoni ukazivusha safari fupi mno ndani ya pua zenu, hadi kwenye seli zinazonusa. Safari ndefu ya katikati haikuwa yake. Nimeanza na mfano huu kwa sababu unafundishwa vibaya kila mahali, na anayeuamini vibaya atakuja kusanifu mtambo vibaya.

Kwa nini mtawanyiko ni mzito kiasi hicho? Je, molekuli ni goigoi? Hata kidogo. Molekuli ya naitrojeni katika hewa ya chumba hiki inakimbia kwa wastani wa karibu mita 470 kwa sekunde. Ingeachiwa njia, ingefika ukuta wa nyuma kabla hujapepesa jicho. Lakini haiachiwi njia. Haijasafiri hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, imegongana na nyingine na kugeuzwa. Inageuzwa hivyo mara bilioni kadhaa kila sekunde.

Mwaka 1827 Robert Brown aliona kwenye hadubini chembe ndogo zilizotoka katika chavua zikitetemeka majini bila kutulia. Ilichukua karibu miaka 80 kueleweka. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwa hesabu kwamba chembe hizo zinasukumwasukumwa na molekuli za maji, na Jean Perrin akapima na kuthibitisha, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 1926. Hesabu ile ndiyo inayotuhusu. Mtu aliyefungwa macho akipiga hatua 100, kila moja ikienda upande wowote, kwa kawaida atajikuta hatua kama 10 tu kutoka alipoanzia. Akitaka kufika hatua 100, itambidi apige hatua 10,000. Umbali ukiongezeka mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Umbali ukiongezeka mara kumi, muda unaongezeka mara mia.

Lishikeni hilo. Mkisahau kila kitu kingine nitakachosema leo, msilisahau hilo.

Sasa chukueni glasi ya maji na sukari chini yake. Tuchukulie maji yametulia kabisa, hayana mkondo wowote. Sukari ikivuka milimita moja ya maji, itatumia nusu saa hivi. Ikivuka sentimita 10, itatumia zaidi ya miezi saba. Lakini ikivuka sehemu moja ya mia ya milimita, inatumia sekunde 0.2 tu. Sukari ni ile ile, maji ni yale yale. Kilichobadilika ni nini? Umbali!

Aliyetupa sheria ya jambo hili hakuwa mhandisi. Alikuwa daktari kijana, Adolf Fick, aliyekuwa akishughulika na mwili wa binadamu na alitaka kujua vitu vinavyopenya tando za mwili vinapenyaje. Mwanakemia Thomas Graham wa Uskoti alikuwa ameshapima mtawanyiko kwa miaka mingi na kukusanya namba nyingi, lakini sheria ya kuziunganisha ilikuwa haijapatikana. Fick akaweka chumvi chini ya neli, maji safi yakiwa juu, akaiacha itulie mpaka ukolezi wa chumvi, yaani wingi wake ndani ya maji, katika kila kimo ukaacha kubadilika, kisha akapima kutoka chini kwenda juu. Akaona ukolezi unashuka kwa mstari ulionyooka. Akakumbuka kwamba mwanahisabati Mfaransa, Fourier, alishaandika jambo kama hilo kuhusu joto. Joto hutiririka kufuata mteremko wa jotoridi. Basi chumvi nayo hutiririka kufuata mteremko wa ukolezi. Mwaka 1855, akiwa hajafikisha miaka 26 au ameifikisha punde tu, akaichapisha.

Sheria yenyewe naweza kuwaambia bila ubao. Kiasi kinachovuka kila mita ya mraba kwa kila sekunde ni kipimo cha mtawanyiko mara tofauti ya ukolezi, gawanya kwa umbali. Basi.

Wengi huuliza: je, molekuli inajuaje kwamba upande ule kuna wachache, ili iende huko? Haijui. Hakuna molekuli inayojua lolote. Weka molekuli 1,000 kushoto na 10 kulia, kila moja ichague upande bila kufikiri. Nusu ya zile 1,000 zitavuka kwenda kulia: 500. Nusu ya zile 10 zitavuka kwenda kushoto: 5. Aliyesimama nje ataona molekuli 495 zimehamia kulia, atadhani kuna anayezisukuma. Hayupo. Ni wingi tu. Mimi nimefundisha somo hili kwa miaka mingi na bado hapa hunishangaza: utaratibu kamili, unaopimika, unatoka kwenye vurugu tupu.

Sasa tazameni ndani ya vifua vyenu. Oksijeni ikitembea ndani ya maji kwa mtawanyiko huvuka sehemu moja ya mia ya milimita kwa sekunde 0.05. Sentimita moja, huchukua kama saa 14. Mita moja, miaka 15 na zaidi. Bakteria ni mdogo kiasi kwamba hahitaji moyo wala mapafu. Kila kinachohitajika kinaingia chenyewe. Sisi tuna urefu wa mita moja na nusu, na zaidi. Tungeishije? Tumeishi kwa sababu mwili umefuata sheria ya Fick sehemu zote tatu. Eneo: mapafu yamekunjwa katika mamia ya mamilioni ya vifuko vidogo, hata ukivitandaza unapata karibu mita za mraba 70. Umbali: ukuta kati ya hewa na damu hauzidi sana sehemu moja ya elfu ya milimita. Tofauti ya ukolezi: pumzi inaleta hewa mpya, na moyo unaiondoa damu iliyokwisha kujaa oksijeni na kuleta nyingine yenye upungufu, ili tofauti isife. Halafu August Krogh wa Denmark, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1920 kwa kazi yake juu ya mishipa midogo ya damu, akatuonyesha upande wa pili: ndani ya misuli mishipa hiyo imesambazwa kwa wingi kiasi kwamba seli haikai mbali na damu. Safari ndefu inafanywa na mkondo. Safari fupi inafanywa na mtawanyiko.

Ndugu zangu, huo ndio uhandisi wetu! Mnara wa kufyonza gesi, mnara wa kukenekea, tangi la kuchachushia, mtambo wa kukaushia: vyote ni mapafu yaliyotengenezwa kwa chuma.

Niwasimulie kosa langu. Nikiwa mwanafunzi kama ninyi, tulipewa mnara wa kioo uliojazwa vipande vya vigae. Maji yanateremka kutoka juu, hewa inapanda kutoka chini, na kazi yetu ni kuingiza oksijeni nyingi kadiri iwezekanavyo kwenye maji. Nikafikiri: oksijeni iko kwenye hewa, basi niongeze kasi ya hewa. Nikaongeza. Hakuna kilichobadilika. Nikaongeza tena. Wiki nzima nilikuwa nahangaika na vali ya hewa, na kipimo cha oksijeni hakitikisiki. Mwalimu wangu alikuja siku ya mwisho, akaigusa vali ya maji, akaifungua zaidi. Oksijeni iliyokuwa ikihama ikapanda pale pale.

Kwa nini? Jibu lilitolewa na Warren Lewis na Walter Whitman, wahandisi wa chuo cha MIT nchini Marekani, mwaka 1923 na 1924. Walisema: pale gesi inapokutana na kimiminika, tuchukulie pana matabaka mawili membamba yaliyotulia, moja upande wa gesi, moja upande wa kimiminika. Nje ya matabaka hayo kila kitu kinakorogeka vizuri. Ndani yake hakuna mkondo. Humo ni mtawanyiko peke yake. Kila tabaka lina ukinzani wake, na molekuli lazima ivuke yote mawili, kama mtu anayepita milango miwili iliyofuatana.

Ukitaka watu wapite upesi, unaupanua mlango upi? Ule mwembamba! Oksijeni haipendi kuyeyuka majini. Lita moja ya hewa ina oksijeni karibu miligramu 270. Lita moja ya maji kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, hata ikishiba, ina miligramu 8 tu. Kwa gesi ya namna hiyo karibu ukinzani wote uko upande wa maji. Mimi nilikuwa napanua mlango ambao tayari ulikuwa wazi. Ningekuwa nafyonza amonia, ambayo maji huimeza kwa wingi, kinyume chake kingekuwa kweli: ukinzani uko upande wa gesi, na ile vali ya hewa ingenisaidia.

Naongeza neno moja kwa walio makini. Tabaka lililotulia ni picha. Ukipima, hutalikuta na mpaka wake kama ngozi juu ya maziwa. Wahandisi wawili, Higbie mwaka 1935 na Danckwerts mwaka 1951, walieleza vizuri zaidi: vifungu vya maji hupanda usoni, hukaa kidogo, hunyonya gesi, kisha huzama na kupisha vingine. Kwa vimiminika, maelezo yao yanakaribiana zaidi na vipimo. Lakini swali la mlango mwembamba linabaki lile lile, na ndilo la kwanza kuuliza ukisimama mbele ya mtambo wowote.

Sasa nije kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Penisilini iligunduliwa mwaka 1928, lakini kuigundua dawa si kuwa nayo. Kuvu wanaoitengeneza wanahitaji oksijeni. Mwanzoni walioteshwa juu ya uso wa kimiminika chenye kina kifupi, ndani ya chupa na sinia, kwa sababu hewa ilifika juu tu. Ukitaka dawa zaidi, unaongeza chupa. Vita vya pili vya dunia vikawa vinaua watu kwa vidonda vilivyooza, na chupa hazitoshi. Njia pekee ilikuwa kuwatumbukiza kuvu ndani ya tangi kubwa, lenye kina. Lakini nimewaambia: oksijeni huvuka sentimita moja ya maji yaliyotulia kwa saa 14. Kuvu walio mita moja chini watapumua nini? Na hata ukiyashibisha maji, miligramu 8 kwa lita huliwa na kuvu waliostawi kwa muda usiofika dakika moja.

Aliyepewa kazi ya kusanifu kiwanda cha kwanza cha kibiashara cha penisilini alikuwa mhandisi mwanamke, Margaret Hutchinson Rousseau. Mwaka 1937 alikuwa amepata shahada ya udaktari wa uhandisi wa kemikali pale MIT, wa kwanza miongoni mwa wanawake nchini Marekani. Na tasnifu yake, sikilizeni vizuri, ilihusu ukinzani wa tabaka la kimiminika wakati gesi inapofyonzwa. Ule ule mlango mwembamba! Watu wangeweza kusema wakati ule kwamba ni mada kavu ya kitabuni isiyo na faida kwa mgonjwa yeyote. Miaka michache baadaye, mlango ule ndio uliosimama kati ya dunia na dawa.

Jawabu la matangi marefu lilikuwa nini? Hewa safi isiyo na vijidudu inasukumwa chini ya tangi, na mapanga yanayozunguka yanaivunja kuwa viputo vidogo. Pigeni hesabu mwone. Lita moja ya hewa ikigawanywa kuwa viputo vya kipenyo cha sentimita moja, uso wake wote ni mita za mraba 0.6. Igawanye kuwa viputo vya milimita moja, uso unakuwa mita za mraba 6. Na kiputo kidogo hupanda polepole, kwa hiyo hukaa ndani ya tangi muda mrefu zaidi. Mapanga yale yale yanakoroga maji, tabaka linapungua unene. Machi 1944 kiwanda cha kampuni ya Pfizer kule Brooklyn, New York, kilianza kazi kikiwa na matangi 14, kila moja la lita zipatazo 28,000. Penisilini iliyokuwa ikihesabiwa kwa chupa ikaanza kuhesabiwa kwa matangi, na ikawafikia majeruhi wa vita mwaka ule ule.

Kuhusu yabisi nitapita haraka, maana mtakutana nayo mwaka ujao. Kaboni hupenya ndani ya chuma kilichochomwa sana na kuufanya uso wake mgumu. Saa kadhaa za tanuru hukupa unene wa milimita moja hivi. Sheria ni ya Fick, namba tu ndizo ndogo.

Kisa cha mwisho ni cha figo. Graham niliyemtaja mapema aligundua mwaka 1861 kwamba karatasi ya ngozi hupitisha chumvi na vitu vidogo na kuzuia vikubwa, na neno dayalisisi, jina la utenganishaji wa namna hiyo, ni lake. Zaidi ya miaka 80 baadaye, katika mji wa Kampen nchini Uholanzi uliokuwa chini ya jeshi la Ujerumani, daktari kijana Willem Kolff alikuwa akiwaona wagonjwa wake wakifa kwa uchafu uliojaa kwenye damu baada ya figo kusimama. Akachukua neli ya selofani, aina ile inayotumika kufungia soseji, akaizungusha kwenye pipa la mbao, akapitisha damu ndani ya neli, na pipa likawa linazunguka ndani ya maji ya chumvi. Urea, sehemu ya uchafu ule, ni nyingi kwenye damu, hakuna kwenye maji: mteremko upo. Selofani nyembamba: umbali mfupi. Neli ndefu: eneo kubwa. Pipa linazunguka: tabaka linakuwa jembamba. Kila kitu tulichosema leo kilikuwa pale.

Alianza mwaka 1943. Mgonjwa wa kwanza alifariki. Wakafuata wengine, zaidi ya kumi, na Kolff hakupata aliyepona kwa sababu ya mashine ile. Je, wewe ungeendelea? Septemba 1945 aliletwa mama wa miaka 67, amepoteza fahamu. Baada ya saa kadhaa za kusafishwa damu, alifumbua macho na kuzungumza. Akaishi miaka mingine saba.

Mashine za leo zina maelfu ya nyuzi zenye tundu katikati, kila tundu kama milimita 0.2, na damu inakwenda upande mmoja huku maji ya kusafishia yakija upande wa pili. Kwa nini yapishane? Yangekwenda pamoja, mwanzoni tofauti ingekuwa kubwa, mwishoni pande zote zingelingana na kazi ingekoma. Yakipishana, damu inayotoka ikiwa karibu safi hukutana na maji mapya kabisa, hivyo tofauti inabaki hai kutoka mwanzo wa uzi hadi mwisho. Mtakapofika kwenye minara mikubwa mtaona mpangilio huo huo, na msijiulize ulitoka wapi.

Nawapa kazi ya kufanya kabla hatujakutana tena. Chukueni neli ya kioo, mjaze jeli iliyogandishwa kwa maji, na juu yake mweke rangi ya kimiminika. Nimechagua jeli kwa makusudi: ndani yake hakuna mkondo, kwa hiyo myuko hautawadanganya kama ulivyowadanganya na manukato. Kila siku saa ile ile pimeni rangi imeshuka kiasi gani. Siku ya kwanza itakuwa imeshuka kama sentimita moja, na mtafurahi. Siku ya pili mtadhani kuna kitu kimeharibika. Msiguse. Siku ya nne iwe karibu sentimita mbili, siku ya tisa karibu tatu. Chora umbali kwa kipeuo cha pili cha siku, usichore kwa siku zenyewe, na uniletee mteremko wa mstari wako. Kutoka humo utakokotoa kipimo cha mtawanyiko cha rangi yako kwa mkono wako mwenyewe, kama Fick alivyofanya kwa chumvi.

Asanteni. Sasa nipo tayari kwa maswali.